King'ora cha Saa Sita Mchana

Sauti iliyomkaa Rosamel kichwani ni ya king'ora kisichonyamaza.

Katika mji wao mdogo wa nyumba za mbao, kusini mwa Chile, wazima moto wote, Rosamel akiwemo, ni watu wa kujitolea. King'ora chao hulia kila siku saa sita mchana, mara moja tu, watu wakae mezani. Siku ile kililia saa sita, kikaendelea.

"Mbona hakikomi, mzee?" aliuliza mkewe, Ercira.

"Nibaldo wa zamu kasinzia juu ya kitufe cha king'ora," Rosamel alicheka, akachovya mkate kwenye supu.

Alipomaliza sahani, moshi ulikuwa umefika dirishani. Mdogo wake, Heriberto, mzima moto mwenzake, alikuwa amechoka kumngoja. Aliingia peke yake katika nyumba inayowaka, paa likamwangukia.

Miaka kumi na tisa sasa, Rosamel hula chakula cha mchana na buti za kuzimia moto miguuni. King'ora kikianza, kijiko husimama hewani.

"Utazikwa na hizo buti, mzee," Ercira humtania, huku mkono wake mwenyewe umeng'ang'ania meza.

Leo pia walisikiliza mpaka kikanyamaza. Jioni kikosi cha wazima moto kilijipanga mstari, na jina la Heriberto likaitwa la kwanza, kama ilivyo desturi yao kwa marehemu wao.

"Alikufa kazini!" wakaitikia wote.

Rosamel alingoja sauti zao zizime.

"Nilikuwa nakula, mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini.