Maombi ya Jumatano na Mjukuu Wangu

Wewe ushapata kumuona mtoto anakula wali wa nazi kama anayemeza dawa ya minyoo? Mimi nimemuona, tena mjukuu wangu mwenyewe, msichana wa darasa la saba, ambaye mdomo wake ulikuwa ukianza kusema hapa Mji wa Kale unamalizia Kilindini. Akawa kimya. Anakula, anashukuru, anaosha sahani yake, huyo chumbani. Nikajiambia anakua. Mtoto akikua hununa, hiyo si habari.

Habari yenyewe ilinijia jikoni. Nilikuwa nakuna nazi, kazi ambayo siku hizi yanivunja kiuno lakini simwachii mtu, maana wao wakikuna hukuna mpaka kifuu. Mkaza mwanangu, mamake huyo mtoto, akaingia akafunga mlango. Sisi twakaa ghorofani huku karibu na Kuze, na ukiona mlango wa jiko umefungwa adhuhuri na joto hili, ujue kuna msiba au kuna siri.

"Mama," akaniambia, "mtoto anatazama uchafu kwa simu yangu."

"Uchafu gani?"

"Watu bila nguo, mama. Mambo ya mke na mume."

Alikuwa akimpa hiyo simu afanyie kazi ya shule. Siku hiyo alipoifungua atafute wimbo wa kwaya, akakutana na hayo. Kumuuliza mtoto, mtoto akalia. Si mara moja, alikuwa akitazama kwa muda.

"Babake umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kavaa viatu kashuka."

Huyo ndiye mwanangu. Mtu wa kazi, yuko godauni huko bandarini toka asubuhi, na Jumapili ndiye anayepanga viti kanisani. Hapigi mtoto wala hapigi kelele. Akikasirika huwa kama kabati, limesimama tu hapo na wewe wapita ubavuni. Jioni akaja akakaa karibu yangu, akasema, "Mama, huyo ni wako. Kwetu mambo hayo husemwa na nyanya."

Na ni kweli, sitamkatalia. Sisi watu wa Rabai, mama na baba hawakai na mtoto wakamwambia habari za mwili. Ni aibu. Husema nyanya. Mimi nyanyangu aliniambia tukitoka kuchota maji, ndoo kichwani, hata uso wangu hakuutazama, akamaliza tukaimba. Lakini yeye aliniambia habari ya mwili wangu mimi. Hakushindana na simu iliyojaa watu wa dunia nzima. Na miguu yake ilikuwa bado mizima.

Nikasema haya, nitajaribu. Kabla sijajaribu, mkaza mwanangu akaitoa siri yetu nje.

Sisemi alifanya kwa ubaya. Jumatano akina mama wa kanisa huja kusali, kila wiki nyumba ya mtu, na wiki hiyo ilikuwa kwetu. Wakiimba, wakifika pale pa kutoa haja za maombi, kila mtu husema lake: huyu goti, huyu mume. Mkaza mwanangu akasimama. "Kuna mama mmoja namjua," akasema, "ana mtoto wa kike ametekwa na picha chafu za simu." Akaanza kulia. Sasa niambie, ni nani anayelia hivyo kwa mtoto wa mama mmoja anayemjua?

Wakaomba. Wale wanawake wakiomba, kunguru huhama. Na mmoja wao, mwenye sauti kama ya honi, akapaza: "Bwana, mfungue huyu mtoto wa darasa la saba."

Hakuna aliyetaja darasa.

Na mtoto mwenyewe alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Aliiweka chini polepole, hata kikombe hakikulia, akaenda zake.

Kesho yake jirani yangu wa dirisha la pili, bibi wa Kiislamu niliyezeeka naye, aliniletea kaimati kwenye bakuli lililofunikwa. Dirisha lake na letu waweza kupitishana chumvi. Akakaa, akauliza hali, akauliza kiuno. Kisha akasema, "Mwenzangu, jana tuliwasikia. Na sisi tuliitikia amina."

"Mlisikia yote?"

"Tulisikia ya kutosha. Hata sisi tuna watoto, na watoto wana simu." Akainuka. "Hizo kaimati mpe yeye kwanza."

Mtoto hakuzitaka. Jumapili akasema tumbo. Jumapili iliyofuata, kichwa. Mamake akawa analia akifua, babake akawa kabati, na mimi katikati yao nimechoka, wallah sijui niseme vipi, nimechoka mpaka meno. Ulidhani ukilea ukamaliza umemaliza.

Ndipo nikamfuata mtoto juu ya paa, anaanika nguo. Zile ngazi nilizipanda kwa matusi. Nikakaa juu ya ndoo.

"Umekuja kunisema, Nyanya?"

"Nimekuja kupumua. Nikipumua nitakusema."

Akacheka kidogo. Nikamngoja. Akaanza mwenyewe. Mwenzake wa shule ndiye aliyemwonyesha zile picha, wakacheka. Baadaye akazitafuta peke yake. Hazimfurahishi, akasema, zamtia kichefuchefu, lakini kesho yake mkono waenda. Akifumba macho kusali aziona hizo hizo.

"Wanionaje, Nyanya? Mimi ni mchafu?"

"Wewe ni mtoto uliyeonyeshwa kisichokuwa chako," nikamwambia. "Uchafu ni wa waliopiga hizo picha wakauza."

Akabana nguo, akabana, kisha akasema lile lililomlemea zaidi. "Mama angalau hulia. Baba hanitazami. Nikimpa chai hupokea akitazama kikombe."

Nikashuka. Mwanangu aliporudi nikamwambia, "Mimi nimesema sehemu yangu. Iliyobaki si ya nyanya."

"Naona haya, Mama."

"Zione. Lakini zione ukimtazama."

Jumamosi wakaenda Mama Ngina, kule baharini, wao watatu, na mimi nikaburutwa kama mzigo. Tukanunua mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu. Mimi nikajitenga kidogo, kiasi cha kuwa sipo na bado nasikia.

Mkaza mwanangu alianza. "Nilikutoa kwa watu, mwanangu. Lile lilikuwa la kumwambia Mungu, nikawaambia majirani. Nisamehe."

Babake akakaa na muhogo mkononi mpaka ukapoa. Kisha akageuka akamtazama, na macho yake mekundu. "Sikukukasirikia," akasema. "Sikujua pa kuanzia. Mwili Mungu aliuumba, akauona mwema. Hayo uliyoyaona si yake. Nilitakiwa nikwambie mapema, nikaogopa."

"Baba, wewe waogopa?"

"Sana. Kula muhogo, mamako ataumaliza."

Wakapatana simu ikae sebuleni, kazi ya shule ifanywe hapo watu wakipita, na akivutwa tena na hizo picha aseme. Wakaomba pale pale, kwa sauti ya watu wa nyumba moja.

Usidhani ilikwisha. Haya mambo ni kama unyevu wa ukuta, wapaka chokaa warudi. Baada ya muda akanijia jikoni, uso umeanguka. Ametazama tena, kwa simu ya mwenzake. Nikaona ule uchovu wanipanda toka miguuni. Nikamwambia, "Babako yuko hapo ngazini afunga viatu. Nenda."

Akasimama sana. Akaenda. Niliwasikia wamekaa ngazini, babake akimuuliza, "Siku hiyo ulikuwa na nini moyoni?" naye akieleza habari ya mtihani na mwenzake aliyemcheka. Babake akachelewa kazini.

Mtoto aliporudi jikoni akaninyang'anya nazi, akakaa yeye, akaanza kukuna vibaya vile vile kama wao. Nikamwacha.

"Nyanya, wewe umechoka," akasema.

"Nimechoka."

"Nakuahidi. Nikianguka tena sitakuja kwako kwanza. Nitaenda kwa Baba."