Tarumbeta la Babu na Meno Mawili

Babu yangu ni fundi baiskeli. Plaisi yake imezeekea ukutani bila kazi, maana kila kitu anakivuta kwa meno: viraka, vali, waya wa breki. Tulimwonya mpaka tukachoka, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Wiki moja kabla ya siku ya kuwakumbuka askari, waya ukamng'oa meno mawili ya mbele.

Ningecheka mpaka leo, isipokuwa Babu ndiye mpiga tarumbeta. Kila mwaka hupiga kwenye makaburi ya zamani nyuma ya mashine ya kusaga, walikolazwa askari wetu kwa safu tatu. Kaka yake yuko mwisho wa safu ya pili. Huyo kaka alipiga tarumbeta jeshini, na likizo yake ya mwisho alimfundisha Babu wimbo ule, akamwambia, "Nikitangulia, unipigie wewe."

Babu hajakosa hata mwaka mmoja. Ila katikati ya wimbo, pale pale kila mara, tarumbeta hukwama na kukohoa. Bibi alitukataza kabisa kulitaja jambo hilo.

Wiki nzima alijifua nyuma ya karakana. Pfff. Pfff.

"Mzee, hilo ni tarumbeta au unawasha jiko?" Bibi akauliza.

Akaziba pengo kwa nta. Nta akaimeza.

"Mume wangu," nikamwambia, ndivyo tunavyotaniana, "waachie bendi ya shule mwaka huu."

Hakucheka. "Kaka hakuwaambia wao. Aliniambia mimi."

Siku ikafika. Kapteni mgeni kutoka jeshini akasimama wima. Babu akajaza mashavu, akapuliza. Upepo. Akapuliza tena. Mate. Mara ya tatu akalishusha tarumbeta.

"Nisamehe, kaka," akaliambia kaburi. Niliumia, nikajuta mizaha yangu yote.

Ndipo Bibi, yule yule mchokozi, akaanza kuuimba wimbo ule mdomo umefumbwa. Mama wa mashine ya kusaga akamfuata, kisha mimi, kisha kijiji kizima. Hakuna aliyefundishwa, tumeusikia tangu tuko migongoni mwa mama zetu. Tulipofika katikati, pale pale, watu wote tukakwama, tukakohoa kwa pamoja, tukaendelea. Kapteni alishtuka, kofia nusura imdondoke.

Babu akageuka. "Kumbe mlikuwa mnasikia?"

"Kila mwaka," Bibi akasema. "Sisi tunaujua hivyo hivyo."

Nilidhani atanuna. Akainama, akaweka kiganja juu ya jiwe la kaka yake, akaanza kucheka na pengo lake lote nje, huku machozi yanamtiririka.

"Hapo alikuwa anakosea yeye," akasema. "Alinifundisha na kosa lake, nami sikutaka kulirekebisha. Unasikia, kaka? Sasa wanalo kijiji kizima."