Ndimu kwenye Mlango wa Tabernakulo

Mwanangu, mimi huyu unayeniona nilimharibia Mungu mlango. Sikutumia nyundo wala moto. Nilitumia ndimu sita na majivu ya jiko langu. Mpaka leo mtu akinikamulia ndimu kwenye samaki, naona haya kidogo kabla ya kula.

Ilikuwa Jumamosi Kuu. Unajua desturi yetu hapa Likasi: siku hiyo jumuiya moja hupewa zamu ya kusafisha kanisa kabla ya kesha la Pasaka. Mwaka huu zamu ni yako, ndiyo maana nimekuita. Mwaka ule ilikuwa yangu, nimetoka shule ya sekondari juzi juzi, nimeolewa jana, najua kila kitu. Usafi wenyewe haukuwa kipaji changu. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani kwenye kiti changu, na masufuria yangu yalikuwa meusi hata jirani yangu, Mama Kapinga, akayaita makaa yenye mikono. Lakini kanisani kuna wa kukutazama, mwanangu, na hapo hata mvivu hupata nguvu. Nikachagua mlango wa tabernakulo, kwa kuwa uko mbele kabisa.

Siku hiyo tabernakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, huwa tupu, na mlango wake wazi. Umeuona: pembeni shaba iliyogongwa kwa mkono, katikati vipande vya malakiti, lile jiwe la kijani lenye duara ndani ya duara. Katika mji wetu wa shaba, asiyejua kwamba shaba husafishwa kwa ndimu na majivu bado hajaota meno. Nikasugua, ikawaka kama jua la saa sita. Nikasema moyoni: kama shaba imefurahi, jiwe litanuna kwa nini? Nikalipaka ndimu, nikaliacha linywe mpaka lishibe, nikaenda kufuta mabenchi.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Niliporudi, jiwe lilikuwa limetoa mapovu madogo madogo. Nikafuta. Kijani kilikuwa kimepauka kama jani la muhogo lililolala kwenye vumbi, na duara zote zimezimika. Nikasugua zaidi, maana ndivyo mjinga anavyojitibu. Likazidi kupauka. Basi nikaleta chombo kikubwa cha maua, nikakiweka mbele yake.

Akaingia Kaku Ilunga. Kaku ni babu, kwa sisi tuliotoka Kasai, na huyu alikuwa fundi wa mawe. Mlango ule aliutengeneza ujanani na wenzake watatu, wote wameshakufa, na kila Pasaka alikuja kutia mafuta kwenye bawaba. Akasogeza maua pembeni. Akaliona jiwe.

"Nani alifanya hii?"

"Ni minye, Kaku. Nilitaka ingae."

"Na ndimu?"

"Na ndimu."

Nilisubiri tusi. Badala yake alichukua kidole changu, akakiweka juu ya kipande kimoja. "Hii jiwe, mbele ya kuingia mu kanisa, unajua ilikuwa inafanya kazi gani?"

Akanieleza. Wazee wetu walipoletwa huku kwa kazi ya migodi, kanisa hili walilijenga wakitoka kazini, tofali likipita mkono kwa mkono. Lilipokwisha, hapakuwa na kitu kizuri cha kuweka kwenye tabernakulo. Lakini kila nyumba ya kambi ya wachimbaji ilikuwa na jiwe lake la kijani sakafuni, la kushikilia mlango upepo usiupige. Mama mmoja mzee akaleta lake, amelifunga kwenye kitenge kama mtoto. Jumapili iliyofuata mawe yalikuwa rundo mbele ya altare.

"Siku ile upepo ikakuya," Kaku alisema. "Milango ya kambi yote: pa! pa! pa! Batu banacheka tu. Mawe ile ilishikaka milango ya batu, sasa inashika ya Mungu. Na weye unaikamulia ndimu sawa samaki!"

Mwanangu, nilipiga magoti pale, na kwa mara ya kwanza siku ile sikujali nani ananitazama. Nilikuwa nasikia milango.

"Itaharibika milele, Kaku?"

"Itarudia. Lakini itarudia na mukono yako."

Jioni ya kesha mlango ulikuwa umepauka mbele ya parokia nzima, nami niliwaambia wenzangu kwa kinywa changu kwamba ni mimi. Tangu hapo, kila Jumamosi hadi Pentekoste, Padri alihamishia Sakramenti sakristia, nami nikaketi kando ya Kaku na ngozi yenye maji na unga wa kusugulia laini kuliko poda. "Doucement, polepole mutoto! Hii haiko bukari ya kusonga." Duara zikarudi moja moja, kama macho ya mtu anayeamka. Maji yalizichora tone kwa tone chini ya ardhi, kabla hatujawa na majina, na mimi nilizizima kwa muda wa kufuta mabenchi.

Kona moja alinikataza kuisugua, ile ya chini kushoto. "Hii itabakia, ili ukipiga magoti uione." Utaikuta.

Basi Jumamosi, kabla hujasugua kitu chochote mle ndani, uliza kwanza kilitoka nyumba gani, na nyumba hiyo ilibaki na nini. Kuuliza si ujinga. Shaba ipe ndimu. Jiwe lipe kitambaa kikavu tu. Na ukikosea usitafute maua ya kufunikia, mtafute anayejua, umwambie. Mungu akupe mikono myepesi, na nyumba yako isikose kamwe kitu cha kumpa, hata kama mlango utapigwa na upepo.

Maneno haya niliyaandika kabla hujaja, nikamsomea Mama Kapinga ng'ambo ya ukuta, nikitegemea chozi. Aliinama, akachungulia jiko langu, akasema: "Mama Odile, mulango ya Mungu ulisugua mpaka ikalia, na masufuria yako inalia mpaka leo. Peleka ndimu kule!"