Mtoto Aliyebemendwa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kwetu Katonga, kando ya ziwa, kulikuwa na neno ambalo akina mama waliliogopa kuliko kipindupindu. Kipindupindu kikiingia kilikuwa cha mtaa mzima. Kubemenda kulikuwa kwa mama mmoja. Watu waliamini kwamba mzazi akitoka nje ya ndoa wakati mtoto bado ananyonya, uchafu ule unamwingia mtoto. Anakonda mikono, anavimba miguu, hatembei. Na baba akiwa mbali, hakuna aliyejisumbua kuuliza ni mzazi yupi.

Baba yangu alikuwa mbali. Alivua kwenye kambi za kusini, na mwaka ule ilipita miezi mingi bila kurudi. Tulibaki watatu katika chumba kimoja cha kupanga: mama, mimi, na mdogo wangu Issa, mwenye mwaka mmoja na miezi michache.

Mama aliondoka alfajiri kwenda kununua dagaa wabichi, akashinda juani akiwaanika na kuwageuza. Issa alinyonya asubuhi na jioni. Katikati alikuwa wangu. Nilimkorogea uji wa unga wa muhogo na kumnywesha mpaka tumbo likawa gumu. Sikuwahi kumnyima. Shuleni nilikwenda siku ambazo jirani alikubali kunishikia mtoto, nazo zilikuwa chache.

Nywele ndizo zilizoanza. Zilikuwa nyepesi, zikageuka rangi ya kutu. Siku moja tukiwa ziwani tunafua, jirani yetu Mama Hadija alizishika akazivuta kidogo.

“Mama Asha, huyu mbona nywele za kizungu? Baba yake mvuvi au mtalii?”

Wanawake wote walicheka. Mama naye alicheka, akamjibu, “Na wako mwenye masikio yale, baba yake sungura?” Wakacheka zaidi. Lakini kuanzia siku ile mama alimvisha Issa kofia ya sufu, hata mchana wa jua kali. Siku ya kliniki ya kupima uzito ilipofika, nilimkumbusha.

“Nikamvue nguo mbele ya watu wote wale?” aliniuliza. Hakwenda. Mwezi uliofuata hakwenda tena.

Miguu ilipovimba, habari zilifika Ilagala kwa Bibi, mama yake baba. Alikuja na furushi lake, akakaa kitandani, akabonyeza mguu wa Issa kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo lilibaki pale pale.

“Amebemendwa,” alisema. “Nilikwambia njoo ukae na mimi, mji huu si wa mwanamke aliye peke yake. Ulinisikia?”

“Mama, naapa mbele ya Mungu, sijamjua mwanaume mwingine.”

Bibi aliinuka kitandani. Aliniita nje, akanishika bega.

“Asha, mjukuu wangu. Nani alikuwa anakuja hapa?”

“Hakuna, Bibi.”

“Mtoto ukilala unajuaje?”

“Tunalala kitanda kimoja. Mimi ukutani, Issa katikati, mama huku.”

Aliniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa.

Baba alitumiwa ujumbe, akarudi. Bibi akamleta mganga kutoka Ujiji, mwanamke mzee aliyeitwa Bi Tatu. Hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mpole, alivaa miwani, na alimshika Issa vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kumshika. Alichemsha majani, akaamuru baba na mama wamwogeshe pamoja katika beseni moja, asubuhi na jioni, kwa siku saba. Waliinama pale vichwa vyao vikikaribia kugusana. Nakumbuka nilifurahi kumwona baba ndani. Nilidhani Issa akipona, baba atabaki.

Siku ya saba miguu ilikuwa imevimba mpaka magotini. Issa hakulia tena. Mtoto wa namna ile halii, anaguna tu, na hataki kuguswa. Bi Tatu alikaa kwenye kigoda akazungumza taratibu.

“Dawa niliyowapa ni ya wazazi ambao hawajatoka nje. Kama yupo aliyetoka, dawa yake ni nyingine, na hiyo haishiki bila mwenyewe kusema. Sikuja kuwagombanisha. Nataka mtoto apone.”

“Mimi sijatoka,” baba alisema haraka. “Naapa.”

Mama alikuwa amempakata Issa. Nilikuwa mlangoni, nikangoja aape kama alivyoapa kwa Bibi. Alimtazama mtoto, akamtazama tena. Kisha akasema, “Ni mimi.”

Bibi alipiga makofi mara moja akashika kichwa. Baba aliuliza ni nani.

“Mtu wa Kongo. Alikuja na boti ya mizigo. Ameshaondoka.”

“Mama!” nilisema.

“Asha, toka. Kachote maji.”

Ndoo ilikuwa imejaa. Niliichukua hivyo hivyo, nikaenda nayo mpaka ziwani, nikamwaga, nikachota mengine. Hicho ndicho nilichofanya. Nilikuwa na ushuhuda ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao, nami nikaenda kuchota maji.

Dawa ya pili ilikuwa mizizi. Mama alimwogesha peke yake, kwa siku nne. Baba alikuwa amehamia kwa rafiki yake. Siku ya tano ngozi ya mapajani mwa Issa ilianza kubanduka kama ya mtu aliyeungua, na titi akalikataa. Mama hakumwomba mtu ruhusa. Alimvua ile kofia, akamfunga mgongoni, tukapita mbele za watu wote mpaka hospitali.

Muuguzi aliuliza anakula nini. Mama alisema uji wa muhogo.

“Na nini kingine?”

“Na ziwa langu.”

“Unafanya kazi gani, mama?”

“Nauza dagaa.”

Muuguzi aliacha kuandika. “Dagaa unao, na mtoto humpi?”

“Ni wa kuuza,” mama alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, “Lakini alikuwa anashiba.”

Issa alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri. Baba alikuja kuzika, akarudi kambini, hakurudi tena kwetu. Baadaye tulisikia kwamba ana mke huko, na mtoto wao alikuwa anatembea tayari wakati Issa anavimba. Wapo waliosema basi huyo ndiye aliyebemenda. Hata mimi niliamini hivyo muda mrefu. Niliona raha kupata mwenye kosa. Ilinichukua miaka kukubali kwamba muuguzi alikuwa ametuambia ukweli wote, kwamba muhogo mtupu unashibisha lakini haujengi mwili, na kwamba kijiko kilikuwa mkononi mwangu.

Sasa nina miaka kumi na minane. Shule niliiacha darasa la tano, naanika dagaa pamoja na mama. Mtaani bado wapo wanaomwita mke wa Mkongo, naye huitika. Mwezi uliopita tukiwa tunageuza dagaa, nilimuuliza kwa mara ya kwanza kwa nini alisema vile wakati haikuwa kweli.

Hakuonekana kushangaa kwamba najua.

“Umempakata mtoto,” alisema, “na mwenye dawa anakwambia sema. Ungenyamaza?”

Niliendelea kugeuza dagaa. Nilikuwa nawaza juu ya wote tuliokuwa mle chumbani: Bibi, Bi Tatu mwenye huruma, baba, na mimi. Mama alitoa kila alichoombwa. Alitoa ndoa yake na jina lake, na angeombwa mkono angeukata. Mle ndani hakuna aliyemwomba kiganja cha dagaa.