Mkwaruzo Ndio Wako

Sindano hakuzaliwa na jina hilo, lakini hata mkewe alishaacha kumwita jingine. Alilipata ukumbini, kwenye dansi la Jumapili alasiri, kwa sababu ya vile alivyokuwa akiishusha sindano juu ya santuri. Madijei wengine waliitupa tu, krwaa, watu wakaziba masikio. Yeye aliinama, akaitazama santuri kwa pembeni kwenye mwanga wa taa, akaitua pale pale ngoma inapoanzia, wala husikii kitu. Unastukia tu wimbo wa kwanza umeingia ndani ya wa pili na miguu yako bado inacheza. Watu walimpenda, tusimnyime haki yake. Na yeye alijipenda zaidi, hilo nalo tuliseme.

Usidhani alikuwa anabahatisha. Santuri ukiitazama vizuri inajieleza: penye kelele mistari inang'aa, palipopoa panakuwa peusi tii. Sindano aliweza kukuonyesha kwa kidole gitaa linapoingia wapi na mwimbaji anapovuta pumzi wapi, muziki wenyewe haujalia. Nyumbani alizipanga kwenye makreti ya soda, kila moja na jalada lake, na ole wako uguse kwa vidole vyenye mafuta.

Kati ya hizo kulikuwa na moja aliyoipenda kuliko zote. Bendi iliyoipiga ilikuwa imeshasambaratika, kampuni iliyoitoa ilikuwa imeshafungwa, na nyingine kama hiyo hajawahi kuiona kwa mtu yeyote. Ni wimbo wa mwanamume anayeachwa. Anabembeleza mwanzo hadi mwisho, analalamika, anamkumbusha mwanamke walikotoka, na mstari wa mwisho kabisa, ngoma zikiwa zimenyamaza, anasema: "Nitakungoja hata ukinisahau." Anausema mara moja tu, halafu wimbo unakwisha.

Sasa mwaka ule wa kwanza wa ndoa yao waliishi chumba kimoja, na meza ilikuwa moja. Mkewe ni fundi cherehani. Upande huu anakata kitambaa, upande ule mume anafuta santuri zake. Mkasi ukamponyoka, ukaiangukia kwa ncha santuri ile ile, pale pale mwishoni mwa wimbo. Mke alilia kama aliyeua mtu. Sindano akaiweka santuri kwenye mashine asikie hasara ni kiasi gani. Mwimbaji akabembeleza weee, akafika mwisho, akasema "Nitaku", sindano ikagonga mkwaruzo, ikaruka, ikatua kwenye "sahau". Nitakusahau. Sindano alicheka mpaka akakaa chini, na mkewe, machozi bado mashavuni, akaanza kucheka naye. Pengine hawajawahi kupendana kama siku ile.

Jumapili iliyofuata aliupiga hivyo hivyo. Ukumbi ulipasuka kwa vicheko. Tangu hapo ukawa ndio wimbo wa kufungia dansi: watu wanabembelezana, wanapigiana magoti kwa utani, na ngoma zikinyamaza wote wananyoosheana vidole na kupiga kelele, "Nitakusahau!" Waliokuja baadaye hawakujua kama kuna maneno mengine. Na Sindano hakuwaambia, siri tamu ile ilibaki yake na mkewe.

Mdogo wake alikuwa akiitwa Waya, kwa kuwa tangu utotoni hakuna redio aliyoiona akaiacha haijafunguliwa. Wazazi walipofariki Sindano ndiye aliyemlea. Alimlaza nyuma ya pazia katika chumba kile kile, alimsomesha ufundi, na bisibisi ya kwanza alimnunulia yeye. Waya akapata kazi kwenye duka la kutengeneza redio na kunakili muziki, akahamia kwake, lakini chakula cha jioni alikuja kula kwa kaka. Na ugomvi aliuleta huko huko mezani.

Waya alisema zama za santuri zimekwisha. Inapinda kwa joto, inakula vumbi, mtu akikanyaga sakafu kwa nguvu sindano inaruka. Na uzito je? Mgongo wa kaka ulishaanza kulalamika kwa kubeba makreti. Siku nyingine mkewe alimkanda na maji ya moto ndipo akaweza kufunga viatu. CD unabeba mkoba mmoja, unabonyeza, unakwenda. Sindano alimjibu kwamba kubonyeza hata kengele ya mlango inabonyezwa, mbona hakuna anayeicheza. CD utaitazama uone nini? Utajiona mwenyewe tu. "Hiki ni kioo cha kunyolea ndevu," alikuwa akisema, anakiinua kile kisahani cha Waya na kujipapasa kidevu. Waya alicheka, shemeji yake akacheka, ila huyo shemeji kila jioni alicheka kidogo kuliko jana yake.

Ikaja siku mama mwenye ukumbi akasema naye anataka mashine za CD. Mama huyu alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, anaangalia nani anaingia na nani anatoka, na wateja walikuwa wameanza kumponyoka kwenda kwenye kumbi zenye mambo mapya. Hakumfukuza mtu. Alisema Jumapili moja Waya ajaribu nusu ya kwanza, Sindano apige nusu ya pili, wachezaji wenyewe wataamua nani abaki. Sindano akasema siku mashine hiyo ikiingia mlangoni yeye atatokea dirishani. Lakini moyoni hakuogopa hata kidogo. Mashine watanunua, nyimbo watazitoa wapi? Zile nyimbo zilizoujaza ukumbi ule miaka yote hazikuwa dukani. Zilikuwa kwenye makreti, chini ya kitanda chake.

Jumapili hiyo alikaa karibu na spika, mikono kifuani, mguu juu ya mguu, kama mtu aliyekuja kutazama mwenzake akiaibika. Waya akaanza. Wimbo wa kwanza, Sindano akaufahamu. Wa pili, akaufahamu. Wa tatu akashusha mguu. Akajipa moyo: huenda kijana amezipata mahali, mji mkubwa huu, watu wana vitu. Watu walicheza, tena walicheza kweli, na Waya hata hakutoka jasho. Mwisho wa zamu yake akaweka ule wa mwanamume anayeachwa.

Sindano akasimama. Akasikiliza mwanzo hadi mwisho kwa mdomo wazi. Ngoma zikanyamaza. Kama ile CD ilitoka kwa mtu mwingine, basi mwimbaji atasema maneno yake yote, ukumbi utababaika, na yeye atacheka wa mwisho. Mwimbaji akasema "Nitaku", kikasikika kile kitu kidogo, tik, anachokijua yeye kuliko mapigo ya moyo wake, na ukumbi mzima ukanyoosha vidole. Nitakusahau! Mkasi wa mkewe ulikuwa ndani ya ile CD.

Alipasua katikati ya watu hadi kwenye jukwaa, akamshika mdogo wake ukosi. Alimwambia ni mwizi, nyimbo zake zimeibiwa nyumbani kwake, na mama mwenye ukumbi aje ashuhudie. Mama akaja. Waya hakuinua sauti. Alijitoa taratibu, akajinyoosha shati.

"Wimbo si wako, kaka," akasema. "Bendi si yako. Hukuimba, hukupiga hata njuga. Mkwaruzo ndio wako, na huo uchukue."

Waliokuwa karibu wakacheka. Sidhani walikuwa na ubaya, yalikuwa ni maneno matamu tu yaliyopata wasikilizaji. Lakini Sindano hakupiga zamu yake. Makreti aliyabeba moja moja hadi nje, hakuna aliyemsaidia, na mama mwenye ukumbi alisogeza kiti chake ili apite.

Nyumbani hakuwa na haja ya kuuliza sana. Mlango wao haukuvunjwa, na santuri haziendi matembezi. Mkewe alikuwa kwenye cherehani. Alimtazama mumewe usoni, mguu ukaacha kukanyaga, akafungua droo ya chini na kutoa kifurushi cha kitambaa cha shela. Ndani kulikuwa na CD, zimepangwa vizuri, kila moja imeandikwa kwa kalamu ya wino: Sindano, Sindano, Sindano. Akaeleza. Alikuwa akizipeleka santuri kwa Waya chache chache kwenye mfuko wa nguo za wateja, mume akiwa amelala usingizi wa mchana, na kuzirudisha kabla hajaamka. Shemeji alimwahidi atamnakilia kaka yake ziwe akiba. Alitimiza, hizo hapo. Kujinakilia na yeye ndiko hakukusema.

"Nilitaka siku ukikubali uzikute tayari," mkewe akasema. "Mgongo wako ulikuwa unaniuma mimi."

"Na mbona hukunipa?"

"Ningekupa saa ngapi? Kila jioni unazicheka."

Hilo ndilo lililomchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Na mtu akichomwa na ukweli hatulii na maumivu yake, hutafuta wa kumuumiza. Sindano hakupiga wala hakutukana. Alichukua CD moja katika zile, akapigilia msumari juu ya beseni la kunawia, akaitundika. Tangu kesho yake akawa ananyoa ndevu mbele ya CD hiyo, kila asubuhi, mkewe akiona. Uso unajikunja, tundu liko katikati ya pua, anajikata, damu inatoka, na kioo cha kweli kipo ukutani pale pale. Chakula kiliwekwa, kikaliwa, vyombo vikaoshwa. Ndugu, ile nyumba ilikuwa kimya mpaka cherehani ikawa ndiyo inayoongea.

Kazi nyingine ya muziki hakuipata, wala hakuitafuta kwa moyo. Akawa mlinzi wa stoo ya saruji. Waya alishika ukumbi, akaoa, akapata binti, akafungua duka lake. Alituma watu wa kusuluhisha, Sindano akapokea msamaha kwa mdomo, kwa ajili ya mtoto tu. Mtoto yule alimpenda. Akimwona anakuja alimkimbilia, baba mkubwa, baba mkubwa, mpaka akawa msichana mkubwa na bado anamkimbilia.

Msichana huyo alipomaliza chuo kukawa na chakula cha mchana kwa Waya. Meza ndefu uani, viti vya kukodi, Sindano na mkewe wamekaa pamoja, wazee sasa, yeye mgongo umekunjika bila hata kreti. Muziki ulitoka kwenye simu. Hakuna santuri, hakuna CD, zote zimekwenda zao. Ule ugomvi wa mezani, ukiwaeleza vijana wa leo, wanadhani unawatania. Na simu ile ikaleta ule wimbo. Ulikuwa umeshanakiliwa toka kwa huyu kwenda kwa yule, umezagaa mji mzima. Vijana wote wanaujua.

Sindano alisikia raha, akajisahau. Ngoma ziliponyamaza akaimba kwa sauti yake ya mikwaruzo, maneno ya mwimbaji mwenyewe, "Nitakungoja hata…" na meza nzima ikamfunika: "Nitakusahau!" Vicheko. Binti wa Waya akamshika bega kwa upole.

"Baba mkubwa, umekosea maneno."

Waya alikuwa anamimina soda. Aliinamia bilauri kama ina jambo la kusoma ndani. Sindano hakumtazama huyo. Alimgeukia mkewe. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu anayeweza kusema hapana, hakukosea, mimi ndiye niliyeangusha mkasi. Akamngoja. Mkewe aliangalia meza, akaangalia shemeji yake, akaangalia watu waliovaa vizuri na wanaofurahi, akaogopa kuyafukua ya zamani.

"Mwache, mwanangu," akamwambia binti. "Baba yako mkubwa amezeeka."

Sindano akaitikia kwa kichwa, akasema kweli, nimezeeka, naomba mnipigie tena nijifunze. Wakampigia. Akabembeleza pamoja nao mwanzo hadi mwisho, anapiga makofi, na ngoma ziliponyamaza hakunyoosha kidole. Alimtazama tu mkewe machoni na kuimba kama wanavyoimba wengine, wazi, bila kuruka neno. Binti akashangilia kwamba sasa amepatia. Mkewe alisogeza sahani yake pembeni, na hakula tena.