Miaka Yangu na Farasi wa Mtakatifu Nikolasi

Siku yangu ya kwanza kazini, farasi alinivua kofia kwa meno akaitafuna mbele ya bosi. Hapo ni Cedar Hill, kusini mwa Dallas, kwenye zizi la farasi wa kukodisha. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye ghala la nyama, ambako baridi iligandisha hata mawazo, na farasi sikuwahi kumwona kwa karibu isipokuwa kwenye kalenda. Huyu alikuwa mweupe, jina lake Sukari, na urefu wake ulikuwa wa kiasi kwamba masikio yake yalipata mvua kabla yetu sisi wengine. Msimamizi wa zizi, mama wa Kiteksasi mwenye sauti ya kusimamisha treni, hakucheka. Alisema tu, "Amekupenda. Asiowapenda huwakanyaga."

Aliyecheka ni mke wangu. "Baba Jeanine," akaniambia, "umetoka Burundi, umekaa kambini, umevuka bahari, kumbe ulikuwa unakuja kumchana mnyama nywele?"  Jibu lilikuja Novemba.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe, vijana, maana siku hizi mnadhani farasi ni wa kupigia picha. Lijamu, kile chuma kinachokaa mdomoni, huliingizi likiwa la baridi. Unalipasha moto viganjani kwanza, kama unavyompashia mtoto maziwa. Kwato unazichokonoa kwa kulabu, ukianzia kisigino kwenda mbele. Masikio unayasoma: yakilala nyuma, sogea pembeni upesi. Na farasi mweupe ni adhabu, kwa sababu hulala juu ya mavi yake kama aliyelipwa kufanya hivyo. Doa likikataa kutoka, unampaka wanga wa mahindi, ule wa kufanya supu iwe nzito, kisha unapiga burashi. Mimi nilimpiga Sukari burashi mpaka ndege wakawa wanajitazamia ubavuni mwake.

Novemba ndipo alipokuja mwenyekiti wa chama cha Waholanzi, bwana mmoja mwembamba, kutafuta farasi mweupe. Alitueleza kwamba kwao zawadi za watoto haziletwi na yule mzee wa kitambi wa madukani. Huletwa na Mtakatifu Nikolasi, askofu kamili, mwenye kofia ndefu na fimbo ya kichungaji, anayepita juu ya mapaa akiwa amepanda farasi mweupe. Mtoto huweka kiatu kimoja mlangoni, na ndani yake karoti ya farasi, halafu anaimba. Karoti ikitoweka na kiatu kikajaa biskuti za viungo na herufi ya jina lake ya chokoleti, basi Nikolasi amepita. Mimi niliyekuwa mtumishi wa altare nikiwa mdogo, nikasikia askofu anahitaji usafiri! Jioni ile nikamwambia mke wangu, "Mnyama unayemcheka ni gari la Askofu." 

Zizi lilipofungua tawi Houston, karibu na Missouri City, msimamizi alinihamisha pamoja na Sukari, nikawe mkuu wa watunzaji. Nadhani cheti changu cha shule ya usiku kilichangia. Kipo ukutani, kinang'aa kuliko televisheni. Huko, mbali na Waholanzi, tulipata Wajerumani pia. Watoto wao huweka buti, si kiatu, na lazima liwe limepigwa kiwi, la sivyo asubuhi hukuta kijiti badala ya njugu na machungwa. Nikaanza kuwalazimisha hata wajukuu zangu kule mtaa wa Gulfton kupiga kiwi. Ghorofa nzima ilinukia kiwi.

Kisha Sukari akaisha magoti. Daktari wa mifugo alisema hatabeba mtu tena, akapelekwa shamba moja kaskazini kupumzika. Tukaletewa farasi kijana, mweupe pia, ila ana madoa ya kijivu kiunoni. Nilimpaka wanga wa kutosha kupikia harusi. Siku ya sherehe ya Nikolasi, manyunyu ya Houston yakauosha wote pale pale nje ya ukumbi, watoto wakiwa wamejipanga na viatu vyao mkononi.

Msichana mmoja, Lotte, umri wa kuanza kutoamini mambo, akanyoosha kidole. "Huyo si farasi wa Nikolasi. Wa kwetu hana madoa."

Wadogo wakageuka wote. Mmoja akaanza kulia. Askofu kule juu ya farasi, ambaye chini ya ndevu alikuwa daktari wa meno, akajishughulisha na kofia yake. Mwenyekiti wa Waholanzi wa huko akaninong'oneza niseme ni matope tu. Nikajua nikisema hivyo, Lotte hatadanganyika, na akiondoka yeye, ukumbi mzima utaondoka naye. Tena farasi alikuwa anatetemeka, masikio yamelala nyuma. Nikachuchumaa.

"Umeona sawa," nikamwambia. "Si yeye. Yule amestaafu, magoti yamechoka. Huyu leo ndiyo siku yake ya kwanza kazini."

Akamkagua. "Mbona anatetemeka?"

"Anaogopa. Hajazoea nyimbo, hajazoea kofia ya Askofu. Hata karoti zile hajui ni za nani."

 Lotte akatoa karoti kwenye kiatu chake, akaiweka kwenye kiganja kilicho wazi kama nilivyomwonyesha, akamsogelea. "Ni zako," akamwambia farasi, kwa sauti ya mwalimu mkuu. "Lakini unaacha kiatu."

Masikio yakasimama. Wadogo wote wakataka kumfundisha na wao, yule aliyelia akiwa wa kwanza kwenye foleni. Tangu hapo, kila mwaka kabla ya nyimbo, watoto humkumbusha farasi kazi yake.

Magoti yangu nayo yakafuata ya Sukari. Siku ya kuniaga niliacha buti zangu za mpira mlangoni mwa ukumbi, na nilipotoka zilikuwa zimejaa karoti hadi shingoni. Nimefanya kazi na askofu, nimepanda cheo, nimesomea cheti, lakini nikiulizwa nilistaafu na nini, nawaonyesha buti.

Kesho yake nikaziweka kwenye gari nikaelekea kaskazini. Sukari alikuwa amebaki na meno machache, akawa ananyanyua pua kutafuta kitu juu ya kichwa changu. Nikainama mwenyewe, nikampa kofia.