Miwani ya Kuona Chini ya Maji

Watoto walimwita Filimbi, kwa sababu filimbi haikumtoka mdomoni. Miaka nenda miaka rudi alikuwa mwokoaji wa bwawa la kuogelea la umma, akikaa juu ya kiti kirefu cha chuma, kofia pana kichwani. Hakuwa mtu wa maneno. Mtoto akikimbia juu ya vigae vilivyolowa, filimbi ililia mara moja. Akirudia, aliketishwa benchi mpaka nywele zikauke. Wazazi wengine walimwona mkali. Waache wamwone hivyo. Maji hayana huruma, na mwenye huruma ya kweli kando ya maji ni yule anayekasirika mapema.

Adui yake alikuwa jua la alasiri. Ikifika saa tisa lilipiga upande wa kina kirefu, na maji ya upande ule yakageuka bati jipya: unaona mng'ao, huoni kilicho chini. Jioni Filimbi alirudi nyumbani macho mekundu kama aliyemenya gunia zima la vitunguu.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ndiye aliyemletea dawa. Alikuwa mchuuzi wa saa, mikanda na miwani, mwenye ulimi wa asali.

"Shemeji, hii ni polaraizi. Orijino! Ona stika hii hapa kwenye kioo. Inakata mng'ao wote."

"Mbona nyeusi hivi?"

"Ndio ukali wake huo! Ikizidi weusi, inazidi kazi. Halafu ulivyopendeza, wataanza kukupigia saluti."

Filimbi akajitazama kwenye kioo cha kabati. Kweli alipendeza. Miwani ilikuwa nyembamba, mikono yake rangi ya dhahabu, na mtu ambaye maisha yake yote amevaa kaptula na ndala hapati nafasi nyingi za kupendeza. Akaipokea. Tusimcheke. Wengi wetu tumewahi kununua sura tukidhani tumenunua kitu.

Macho yakaacha kuuma, naye akadhani anaona. Hapo ndipo lilipokuwa kosa. Giza hupumzisha jicho, lakini kupumzika si kuona.

Alasiri moja, kocha wa watoto, mama mmoja mwenye sauti ya kengele, alipiga ukelele kutoka ng'ambo ya bwawa: "Filimbi! Chini yako! Hapo hapo chini yako!"

Filimbi akatazama. Aliona weusi unaong'aa, basi. Akaruka hivyo hivyo kama kipofu, miwani ikamtoka usoni, na kule chini akamkuta binti mdogo ameketi sakafuni, mashavu yamejaa hewa, akishindana na wenzake nani atakaa zaidi. Akamkwapua, akamtoa juu.

"Umeniharibia, babu!" binti akalalamika. "Nilikuwa nashinda!"

Watu wakaangua kicheko. Filimbi hakucheka. Mtoto alikuwa chini ya kiti chake, karibu kiasi cha kumdondoshea kofia, naye hakumwona.

Kabla ya kubadili nguo alikwenda ofisini kwa meneja, kaptula ikichuruzika maji.

"Kuanzia kesho alasiri sipandi kitini."

"Unaumwa?"

"Sioni."

"Bwana wewe, mtoto alikuwa anacheza. Hakuna lililotokea."

"Halikutokea kwa sababu ya kocha. Mimi nilikuwa pambo. Ikifika saa tisa funga upande wa kina kwa kamba, mpaka nipate miwani ya kweli."

Meneja akasonya. "Nakupa mpaka Jumamosi. Watu wamelipa kiingilio waogelee, si waangalie kamba. Usipoona Jumamosi, nitatafuta anayeona."

Kesho yake alikwenda na mkewe kwenye duka la miwani, ile nyeusi, iliyookotwa majini, ikiwa mfukoni. Muuzaji, dada mpole, alichukua miwani mbili za polaraizi, akaweka kioo cha moja mbele ya kioo cha nyingine, akaizungusha taratibu. Pakawa giza, kama vile mtu amefunga dirisha. Akarudia kwa ile ya shemeji. Akazungusha, akazungusha. Hakuna kilichobadilika.

"Hii imetiwa rangi tu, baba. Tena kama haina kinga ya miale ya jua, ni hatari kuliko kukosa kabisa. Giza linapanua mboni, jua linaingia mlango wazi."

Mke akashika kiuno. "Ndugu yangu mwenyewe! Kakuuzia mbuzi kwenye gunia!"

"Na mimi nikalibeba gunia bila kulifungua," akasema Filimbi.

"Utaivaa wapi?" dada akauliza.

"Kazini, kando ya maji. Na Jumapili nikitembea na huyu."

"Basi chukua kahawia, si lazima iwe nyeusi tii. Kinachokata mng'ao si weusi. Ila ukiinamisha kichwa, skrini ya simu inaweza kuonekana nyeusi, usidhani imekufa. Na jua likizama, ivue."

Zikabaki mbili: moja ndogo, ya kupendeza, na nyingine pana, iliyokumbatia uso mpaka karibu na masikio.

"Chukua ndogo," mke akasema. "Hiyo nyingine unafanana na nzi."

Filimbi akatoka nazo mlangoni, akaelekea gari lililoegeshwa juani. Kwa ile ndogo, mwanga ulipenya pembeni. Akavaa ile pana. Mng'ao wa kioo cha mbele ukatoweka.

"Kumbe kuna mtu amelala mle ndani! Mdomo wazi!"

Mke akacheka mpaka akajishika mbavu. "Haya, chukua nzi wako, twende."

Jioni shemeji alipokuja kusalimia, Filimbi aliweka ile nyeusi mezani. Bora lawama kuliko fedheha.

"Shemeji, hii si polaraizi. Usiniuzie tena mimi, wala usimuuzie dereva."

"Nilivyouziwa ndivyo nilivyouza! Stika si unaiona?"

"Stika haiogelei. Nenda pale dukani wakuonyeshe kupima. Ni kazi ya kuzungusha mkono."

Shemeji akanuna, akaiacha chai yake mezani, akaondoka bila kuaga.

"Umemchoma sana," mke akasema kwa upole.

"Atarudi. Mtoto akizama harudi."

Jumamosi, saa tisa, upande wa kina ulikuwa bado umefungwa kwa kamba. Filimbi aligeuka nyuma asione. Kocha akatupa majini tofali dogo la mpira, lile la mazoezi ya kupiga mbizi. Meneja alisimama mikono kifuani. Filimbi akapanda, akavaa miwani, akatazama bila haraka.

"Karibu na tundu la kutolea maji, kushoto kwa ngazi. Na wewe, mwalimu, umedondosha kibanio cha nywele."

Kocha akajishika kichwani. "Ala!"

Meneja alikwenda mwenyewe kuifungua kamba.

Watoto wakamiminika kama mchele kutoka mfuko uliotoboka. "Babu kavaa kioo cha gari! Jamani, muoneni babu!" Wengine walipiga mbizi wakiwa bado wanacheka, na Filimbi akayaona mapovu yakiwatoka puani.